Nimerithi mashine ya kufumia ya shangazi, mwezi wa pili nafuma na kufumua. Wenye uzoefu njooni

#1 Zamu ya Usiku (Mtwara)

Wakuu habari za muda huu. Huu ni uzi wa nyuzi kwelikweli, wasiopenda habari za sindano wapite kwa amani.

Niko Mtwara mjini, Magomeni. Kazi yangu ni ya zamu, na msimu wa korosho ukishaisha nabaki na siku nyingi za kukodolea ukuta macho. Mwezi wa tatu tulipanda Newala kugawana vitu vya marehemu shangazi. Ndugu wakagombea kabati na baiskeli, mimi nikaangukia sanduku refu kama la bunduki lililokuwa uvunguni miaka na miaka. Ndani kuna mashine ya kufumia, Brother KH-860, sindano 200 zimejipanga safu moja kama wanafunzi mstarini. Shangazi alikuwa anafumia sweta za shule miaka ya 1980. Aliyewahi kuamka Newala asubuhi ya mwezi wa saba anajua kwa nini biashara ilikuwa inalipa.

Haitumii umeme. Kuna kile kichwa kinachopita juu ya sindano, shangazi alikiita gari, nami nakiita hivyohivyo. Unalisukuma kulia, krrrp, mstari mmoja. Kushoto, krrrp, mstari wa pili. Ukiangalia unaona sweta ni kazi ya saa moja. Hapo ndipo macho yangu yaliponitapeli.

Matokeo mpaka leo ni haya. Nilianza na skafu. Nilipoitoa mashineni ilijikunja pande zote mbili mpaka ikawa bomba. Mke wangu akauliza kama nimefuma ala ya panga.

Nikaja kofia ya mtoto wa dada. Mwili wake laini, mzuri, lakini pale nilipofungia vitanzi pamekaza kama waya. Mtoto alilia, dada akasema basi kaka, nashukuru kwa moyo wako.

La tatu ni sweta yangu mwenyewe na hapo ndipo nilipokwama. Vitanzi vinadondoka, tena palepale kila siku, upande wa kushoto kati ya sindano ya 30 na ya 50. Nikifika mistari kumi, kumi na tano, kitanzi kinaachia na ngazi inashuka mpaka chini. Nimebadilisha uzi. Nimepandisha tensheni, ile namba ya garini ambayo ikipanda vitanzi vinalegea, kutoka 5 mpaka 8. Nimetoa sindano nne nilizoziona zimepinda. Wapi! Jana nikasukuma gari kwa hasira, likakwama katikati. Nikalazimisha. Nikasikia tak, tak, tak. Sindano tatu zimelala.

Tatizo nini?

#2 Mla Ming'oko (Mtwara)

Sweta. Mtwara. Mkuu, joto la hapa hata fulana mtu anaivaa kwa sababu ya heshima tu.

Nimekaa paleee, endeleeni.

#3 Binti Mikindani

Afadhali umeleta huu uzi kaka. Mimi nafuma kwa kulabu ya mkono, vitambaa vya meza na kofia za watoto, nataka sana kuhamia mashine. Nafuatilia. Na mkuu namba 2, watoto wachanga wanavalishwa sweta hata Desemba, kwani hujawahi kwenda kliniki?

#4 Fundi Rahaleo (Lindi)

Zamu ya Usiku, acha sindano kwanza. Mimi ni fundi cherehani hapa Lindi, lakini hizi za kufumia zimepita mikononi mwangu kama tano hivi, zote zilikuwa na ugonjwa mmoja.

Angalia pembeni kabisa ya kitanda cha sindano, yaani lile bati refu zilipopangwa, kulia au kushoto. Utaona ncha ya upau mwembamba wa bati unaopita juu ya sindano zote, urefu wote wa mashine. Usukume kwa rula upande mmoja uutoe upande wa pili. Chini ya huo upau imebandikwa sponji. Kazi yake ni moja tu, kuzikandamiza sindano zilale chini. Sponji ikifa sindano zinainua vichwa, gari likipita ndoana haiokoti uzi, au inaokota na kuachia. Na sponji inakufa hata kama mashine imelala uvunguni, inakufa kwa umri.

Kipimo cha haraka ni kusukuma sindano moja mbele kwa kidole. Ikiteleza kama iko kwenye mafuta na kichwa chake kinacheza juu chini, umepata jibu.

Na gari likikwama usilazimishe tena. Kuna mahali pa kulifungulia lisishike sindano, geuza hapo, linyanyue lote, rudisha sindano kwa mkono mstari mmoja nyuma. Kitabu cha mashine kimo sandukuni?

#5 Zamu ya Usiku

Fundi, upau nimeutoa. Kitabu hakimo.

Sponji haikuwepo. Kilichokuwepo ni kitu cheusi kinachonata, kama halua iliyosahaulika juani. Nimekaa na kisu butu na spiriti saa nzima nakwangua. Na pale kati ya 30 na 50 hata huo unato haukuwepo, bati tupu.

Siku zote hizo nalaumu sindano!

Sasa nibandike nini? Duka la kuuza upau mpya hapa Mtwara sijawahi kuliona.

#6 Fundi Rahaleo (Lindi)

Tafuta sponji, kata utepe mwembamba unaoingia kwenye mfereji wa upau, gundisha. Mimi nimewahi kutumia ya godoro kwa dharura.

#7 Zamu ya Usiku

Wiki moja baadaye. Naleta mrejesho kwa mpangilio wa aibu.

Sponji ya godoro. Siku ya kwanza mashine iliimba. Nikafuma mistari 80 bila kitanzi kudondoka, nikampigia simu mama. Siku ya tatu sponji imelala kama chapati, ngazi zimerudi. Godoro lenyewe lilikuwa la zamani, nakiri.

Ndala. Nilikata soli ya ndala mpya ya buluu nikaona hii haitalala milele. Kweli haikulala. Ila na gari halikwenda. Kusukuma mstari mmoja ilikuwa kama kuinua ngalawa kutoka majini peke yako. Nikaitoa kabla sijaua sindano nyingine.

Siti ya bodaboda. Hapa ndipo penyewe. Karibu na stendi kuna kijana anashona siti za pikipiki, nikamwomba mabaki. Ile sponji ni ngumu kiasi, ukiibonyeza inarudi polepole. Nimekata kwa wembe na rula, unene wa kidole cha mwisho, nikabandika kwa gundi ya viatu. Halafu juu yake nikabandika utepe wa nguo, ule wa kuzungushia kingo za mashuka, ili sindano zisiichimbe. Hilo la utepe sikubuni, niliona mabaki ya utepe wa kiwandani kwenye ile halua.

Leo siku ya tano. Mistari 300 na zaidi. Hakijadondoka kitanzi hata kimoja. Kila sindano nikiisukuma inanisukuma kidogo, kama mtu anayekuambia sogea taratibu.

Sindano tatu zilizolala nimezitupa nikachukua za pembeni kabisa mwa kitanda, maana zile za mwanzo na za mwisho hazifanyi kazi mara nyingi, zilikuwa mpya kabisa.

#8 Mla Ming'oko (Mtwara)

Kumbe siti za bodaboda zinapungua sponji kwa ajili yako. Ndiyo maana jana nimekaa kwenye chuma.

#9 Mama Sindano (Newala)

Hamjambo wanangu. Mimi nimefuma kwa mashine kama hiyo miaka mingi, macho ndiyo yameanza kunisaliti. Zamu ya Usiku, shangazi yako huenda nilimfahamu, Newala ya wakati ule wafumaji tulikuwa wa kuhesabika. Mungu amrehemu.

Hiyo skafu yako haikuwa na kosa. Ufumaji ule wa kawaida, uso laini upande mmoja, lazima ujikunje, ndiyo tabia yake. Pande mbili zinakunjia nyuma, juu na chini kunakunjia mbele. Hata ufanye nini utajikunja. Ukitaka skafu ya bapa fuma pana mara mbili kisha shona iwe bomba la makusudi, au tumia kitanda cha pili cha kufumia mbavu, ile mistari inayobana na kuvutika, ambacho najua huna.

Mbavu za kiunoni na mikononi bila kitanda cha pili tulifanya hivi. Katika kila sindano tatu moja unairudisha nyuma, isifanye kazi. Unafuma mara mbili ya urefu unaoutaka, unakunja, unatundika vile vitanzi vya mwanzo kwenye sindano, zote sasa zinafanya kazi, unaendelea na mwili. Inatoka kama mbavu. Haibani kama mbavu za kweli lakini mwanafunzi anavaa mpaka anamaliza la saba.

Kofia iliyokaza, kosa ni la mwisho. Mstari wa mwisho peke yake peleka tensheni mpaka 10. Halafu ukifunga vitanzi, kila kimoja kizungushie kile kijiti cha chuma kilicho kati ya sindano na sindano ndipo uendelee, usitoe mpaka umalize wote. Vile vijiti ndivyo vinavyokuzuia mkono wako usivute. Kila anayeanza anavuta, akidhani akikaza ndiyo itadumu.

Na zile kucha za uzito, vile vyuma vya kuvuta kitambaa chini, unazining'iniza wapi?

#10 Zamu ya Usiku

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu.

Kucha nazining'iniza mwanzo kabisa halafu nazisahau. Kwani zinahamishwa?

#11 Mama Sindano (Newala)

Marahaba mwanangu. Zinapanda na kazi. Kila mistari ishirini, thelathini, zipandishe karibu na sindano, hasa za pembeni. Zikibaki chini sakafuni zinavuta kitambaa cha jana, kitanzi cha leo kinaelea.

#12 Binti Mikindani

Jamani nyuzi mnatoa wapi? Mimi nanunua vile vidonge vidogo vya dukani, kwa mashine nitafilisika. Nimefikiria kufumua sweta za mitumba. Soko likifunguliwa Jumamosi zinauzwa mafungu.

#13 Fundi Rahaleo (Lindi)

Wazo zuri, ila chagua kabla hujalipa. Geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona ovaloki, yaani ukingo umekatwa halafu nyuzi zikauzungukia, liache hapohapo. Hilo lilikatwa na mkasi kutoka kitambaa kipana, kila mstari umekatika ubavuni. Ukifumua unapata vipande vya urefu wa kiganja, vinafaa kujazia mto.

Unalolitaka ni lile lenye ukingo mzima, usiokatwa, umeunganishwa na mnyororo wa uzi mmoja. Kata mnyororo sehemu moja, vuta, mshono unafunguka wote kama gunia la mchele. Kisha anza kufumulia juu, kule palipofungwa, ukianza chini utagombana nalo siku nzima.

Uzi utatoka umejikunjakunja kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne kwa kipande cha uzi mwingine, loweka maji ya vuguvugu, anika na chupa ya maji ikining'inia chini. Ukikauka umenyooka.

Ukipitisha mashineni hakikisha tonge la uzi linatoka kwa ulaini. Likidundadunda sakafuni mvuto wa uzi unabadilika kila mara na kitambaa kinatoka na mawimbi. Uzi wa pamba ni mkavu, haunyumbuki kama wa akriliki au sufu, upitishe kwenye mshumaa kwanza uchukue nta kidogo.

#14 Bingwa wa Vipimo (Masasi)

Nimefika nimechelewa. Kwa taarifa yenu mashine ya kufuma si kitu kipya, ya kwanza ilibuniwa Uingereza mwaka 1589 na William Lee, ilikuwa ya soksi. Kwa hiyo mnayohangaika nayo yameshahangaikiwa miaka zaidi ya mia nne.

Kuhusu skafu kujikunja, jibu ni pasi. Ipige pasi ya moto na kitambaa kibichi juu, italala bapa. Mama hapo juu amezunguka sana.

#15 Mama Sindano (Newala)

Mwanangu wa Masasi, ukipiga pasi uzi wa akriliki unaua. Nimeshawahi kuua sweta kumi na mbili za watu kwa pasi ya mkaa nikizitaka zinyooke kabla wenyewe hawajaja kuzichukua. Zilinyooka. Mbavu zote zikalegea kama mdomo wa mzee asiye na meno, hazikurudi tena. Nilifuma nyingine kumi na mbili kwa hasara yangu.

#16 Bingwa wa Vipimo (Masasi)

Labda pasi yako ilizidi moto. Mimi nazungumzia kitaalamu.

#17 Binti Mikindani

Msigombane. Nimemwomba Zamu ya Usiku vipande viwili vya majaribio, tumekutana sokoni, nimevileta nyumbani. Vyote ni akriliki, koni moja ya uzi, tensheni moja. Kimoja nimekiacha. Cha pili nimekiwekea kitambaa kibichi na pasi ya mkaa, sekunde chache tu, mvuke ukatoka.

Kilichopigwa pasi kimelala bapa kabisa, hakijikunji. Bingwa amesema kweli. Lakini kinang'aa, kimekuwa kizito kama kitenge kilicholowa, ukikivuta hakirudi, kimebaki kilipovutwa. Nimekifua nikidhani kitaamka. Hakijaamka. Mama amesema kweli pia.

Kwa hiyo skafu piga ukitaka. Mbavu za sweta usiguse.

#18 Mla Ming'oko (Mtwara)

Bingwa wa Vipimo kapimwa.

#19 Zamu ya Usiku

Wakuu, naomba mnisikilize kwa huruma. Sweta imekamilika.

Kifua changu nataka sweta yenye mzunguko wa sentimita 100, kwa hiyo mbele 50 na mgongo 50. Nikajiuliza sindano ngapi? Nikachukua rula, nikapima sindano kwenye kitanda. Kutoka moja hadi nyingine ni milimita 4.5. Sentimita 50 gawanya kwa 0.45, nikapata 111. Nikajiona mhandisi. Kwa urefu nikafuma mistari 60 nikaipima ikiwa bado imening'inia mashineni na kucha zake, sentimita 19. Nataka urefu wa 60, kwa hiyo mistari 190. Hesabu safi kabisa.

Nimefuma mbele, nyuma, mikono miwili. Usiku nne. Nimeshona. Nimevaa.

Haikupita mabegani. Nimeipima mezani, upana 39, urefu 47 na ushee. Mwanangu wa darasa la tano ameivaa sasa hivi na imemkaa kama ameshonewa. Anasema ahsante baba. Sijamwambia ukweli.

#20 Mama Sindano (Newala)

Pole mwanangu. Nimecheka mpaka wajukuu wamekuja kuuliza.

Kitambaa kikiwa mashineni kimeshikwa na sindano kwa upana na kimevutwa na uzito kwa urefu. Hicho si kipimo chake. Kikitoka kinajirudia. Ndiyo maana kabla ya sweta lazima kipande cha kupimia.

Fuma kama vitanzi 60 upana. Baada ya mistari michache weka alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha 21 kushoto kwa sifuri, ile alama ya katikati ya kitanda, na cha 21 kulia, katikati yake vinabaki 40. Weka na mstari wa rangi nyingine, fuma mistari 60, weka rangi tena, malizia. Kitoe. Kifue. Kilale usiku kucha juu ya meza bila kuvutwa. Asubuhi ndipo upime hivyo vitanzi 40 na hiyo mistari 60. Usifanye hesabu jioni ileile.

#21 Zamu ya Usiku

Nimefanya. Kimelala usiku kucha, nami nilikuwa zamu kwa hiyo sikupata nafasi ya kukichokonoa.

Tensheni 7, uzi uleule. Vitanzi 40 ni sentimita 14. Mistari 60 ni sentimita 15.

Sentimita 50 mara 40 gawanya kwa 14, ni 143. Naongeza viwili vya mshono, 145. Urefu 60 ni mistari 240, si 190. Yaani nilipungukiwa sindano thelathini na nne na mistari hamsini, na rula ilikuwa mkononi mwangu muda wote. Hata ile 39 iliyonishangaza, ukichukua 111 mara 14 gawanya kwa 40 inatoka ileile. Kitambaa hakikukosea.

#22 Fundi Rahaleo (Lindi)

Sasa umeanza. Na ukibadilisha koni, hata rangi ileile duka lilelile, fuma kipande kingine.

#23 Zamu ya Usiku

Hilo la rangi ungelisema juzi fundi. Niliagiza koni za buluu ya shule kwa njia ya basi kutoka duka moja la mbali, mbili kwanza, ya tatu baadaye. Muuzaji kwenye simu: "Ni ileile bosi, kwani buluu ziko ngapi?" Mkono mmoja wa hiyo sweta ya mtoto ni buluu ya bahari ya Mikindani na mwingine ni buluu ya kalamu. Usiku chini ya taa hazionekani. Mchana zinapiga kelele.

#24 Binti Mikindani

Kaka, mafuta unatumia gani? Mashine yako nilipoiona ilikuwa na harufu ya jikoni.

#25 Zamu ya Usiku

Mmh.

Mama alikuja kutusalimia, akaona gari linalia, akalipaka mafuta ya nazi kwa nia njema kabisa. Siku mbili lilikwenda kama maji. Siku ya tatu nimekuta sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka kwenye sindano, na gari linanata. Nimetoa sindano zote 200, moja moja, nimeloweka kwenye mafuta ya taa, nimefuta kila kiulimi, kile kinachofunga ndoana ya sindano, kwa mswaki wa zamani, nimepaka oili ya cherehani tone dogo kwa kitambaa. Jumapili nzima imekwenda hivyo. Mama sijamwambia. Katika nyumba hii ukweli wote naumaliza humu.

Kwa walio karibu na bahari, chumvi ya hewani inakula sindano. Mimi sasa nafunika na kanga kila nikimaliza, na sindano zote nazirudisha nyuma kwenye herufi A. Herufi zilizoandikwa pembeni ya kitanda ni A, B, D, E. C haipo, msiniulize.

#26 Bingwa wa Vipimo (Masasi)

Leta picha ya sweta mpya. Na kadi ya matundu umeshaijaribu? Ndiyo utamu wa hiyo mashine, inasoma kadi na kuchagua sindano zenyewe kwa rangi mbili.

#27 Zamu ya Usiku

Sweta yangu imebaki mkono wa kushoto. Kadi nimejaribu, karibuni mcheke.

Kadi ina nafasi 24 kwa upana, kisha ua linajirudia. Za shangazi zilikuwemo mbili, theluji na kulungu wa Ulaya. Nikasema hapana, Mtwara tuna zao letu. Nikachora korosho kwenye karatasi ya mraba, nikakata kalenda ya ukutani, nikatoboa kwa kitoboleo cha mafaili.

Kwanza, karatasi ya kalenda ilinyonya unyevu wa kusi usiku mmoja, asubuhi gurudumu la meno likayararua matundu ya pembeni. Nikarudia kwa jalada la plastiki la faili, hilo limekaa.

Pili, nilichora korosho moja ya vitanzi 13 na kuacha 11 tupu. Upande wa nyuma uzi wa korosho unaruka vitanzi vyote 11 ukiwa huru. Mwanangu kavaa kipande hicho mkononi kama glavu, vidole vimenasa vitatu. Binti Mikindani akaniambia nisiruhusu uzi kuruka zaidi ya vitanzi vitano, nijaze vidoti katikati. Nimejaza.

Tatu, nimewaonyesha watu sita pale kazini bila kuwaambia ni nini. Wawili wamesema figo. Mmoja sikio. Mmoja jongoo aliyelala. Mmoja kasema ni alama ya kuuliza. Wa sita amesema korosho, lakini huyo ni mpimaji wa ubora, kazi yake ni kuona korosho kila mahali.

#28 Mama Sindano (Newala)

Weka na bibo lake mwanangu. Korosho bila bibo nani ataijua? Bibo rangi nyingine, korosho chini yake inaning'inia.

#29 Zamu ya Usiku

Mama, katika mstari mmoja kadi inachagua kati ya rangi mbili tu. Bibo ni la tatu.

#30 Mama Sindano (Newala)

Basi bibo na korosho rangi moja, acha mstari mwembamba kati yao. Jicho litamalizia.

#31 Zamu ya Usiku

Nimetoboa. Mtoto wa jirani, miaka minne, kanyooshea kidole kasema "bibo". Kadi inakaa.

#32 Mla Ming'oko (Mtwara)

Wakuu, nimekaa pale tangu namba 2, sasa nasogea karibu. Mke wangu amejifungua wiki iliyopita. Mama mkwe yuko Newala, amesema mjukuu apandishwe wiki ya pili ya mwezi wa saba, na asipande bila kofia. Zamu ya Usiku, naomba kofia ndugu yangu.

#33 Zamu ya Usiku

Hongera sana mkuu! Mama na mtoto wanaendeleaje?

Chukua futi ya kushonea, zungusha kichwa chake juu ya masikio, akiwa amelala. Niletee namba, usikisie.

#34 Mla Ming'oko (Mtwara)

Wazima wote, ahsante. Sentimita 36. Amelala, mke wangu ndiye amepima, mimi mikono ilitetemeka.

#35 Zamu ya Usiku

36 mara 40 gawanya kwa 14 ni 103. Napunguza kumi ivutike, 93, inagawanyika kwa tatu, mbavu zitakaa. Kipande cha kupimia nimekitoa jioni hii kwa uzi mpya, kimelala mezani, hesabu nitaithibitisha asubuhi nikitoka zamu. Rangi gani?

#36 Mla Ming'oko (Mtwara)

Yoyote. Ila mikono yote rangi moja.

#37 Zamu ya Usiku

Kofia haina mikono mkuu.

#38 Mla Ming'oko (Mtwara)

Nakujua wewe.